Ndefu Mbili, Fupi Moja

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, Inspekta Atuti aliingia kituo cha polisi cha Kaplelmet akiwa na matope hadi magotini na hasira hadi shingoni. Gari alilopewa Kericho lilikuwa limekwama mara mbili baada ya Kabianga, na mara zote mbili ni yeye aliyeshuka kusukuma. Mwezi wa saba katika nchi ya majani chai ni mvua juu ya mvua, na mwaka huo wa 1996 ilikuwa imekuja na ukungu wake kabisa.

OCS, mkuu wa kituo, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, hakumpa hata kikombe cha chai.

"Kesi imeisha, Inspekta. Yule mwanamke wa simu ako ndani. Saa nane gari inampeleka kortini Kericho. Soma faili, tia sahihi, urudi nyumbani."

"Amekubali?"

"Muuaji gani anakubali?"

Faili lilikuwa na kurasa nne tu. Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, simu ililia nyumbani kwa Mzee Kipyegon, mwenyekiti wa wakulima wa majani wa mtaa ule. Akainua, akaongea kidogo, akamwambia mkewe Joan kwamba anatoka. Saa tano na nusu akapatikana amekufa mtaroni, kichwa kimepasuliwa kwa nyuma, pale njia ya miguu inapoanza kupanda mlima kwenda kwa Mzee Joram.

Hesabu ya OCS ilikuwa nyepesi. Kaplelmet simu zote hupitia kwa opareta wa posta, kwenye bodi yake ya kuunganishia. Simu imelia, kwa hiyo opareta ameunganisha. Opareta anasema hakuunganisha mtu. Basi opareta anamficha muuaji. Tena hawakuwa wanapatana: mwezi wa tano Kipyegon alimsema barazani, mbele ya watu, kwamba anasikiliza mambo ya wenyewe.

Maelezo ya mjane yalikuwa yameandikwa na Konstebo Adoyo, kijana mrefu wa kutoka Homa Bay mwenye mwandiko mzuri. Mstari wa mwisho ulisema: *Marehemu alijibu kwa simu, sawa, nakuja, napanda.*

"Anapanda wapi?" Atuti aliuliza.

"Kwa Joram. Huko juu hakuna nyumba ingine," OCS alisema. "Huyo naye tunamchukua jioni. Opareta aliunganisha, mzee akaua. Umeona?"

Atuti hakuwa ameona kitu. Alichukua faili akaenda seli.

Edinah alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu. Bado alikuwa amevaa sweta ya buluu ya kazini na gauni zuri la Jumanne, siku ambayo wakubwa walikuja kufungua mtambo mpya wa simu. Nywele alizotengeneza kwa sherehe zilikuwa zimelala upande mmoja. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika vibaya sana.

"Madam, nani alimpigia Kipyegon?"

"Hiyo swali nimeulizwa mara ishirini. Bodi ilikuwa imekufa."

"Bodi ilizimwa saa sita. Mgeni wa heshima alibonyeza kitufe, watu wakapiga makofi. Mji mzima uliona."

"Waliona kitufe." Edinah alicheka kwa pua. "Ile kitufe haikuwa imeshikana na kitu, afande. Mafundi walikata bodi saa mbili asubuhi, wapate nafasi ya kujaribu mtambo mpya kabla wakubwa wafike. Mimi nikaambiwa nikae pale na hedifoni kichwani hadi saa sita, nionekane niko kazini. Kama sanamu! Kadi yangu ya zamu iko na mstari saa mbili kamili. Uliza Weldon, fundi."

"Ulimwambia OCS?"

"Alicheka."

"Sasa kama bodi ilikuwa imekufa, simu ililia namna gani?"

"Ehe! Hiyo ndiyo swali." Alikuja hadi kwenye vyuma. "Laini ya saba ni waya moja, simu nne. Zile za mkono, za kuzungusha. Kila moja iko na betri yake ndani. Mmoja akizungusha, zote zinalia, ndiyo maana kila nyumba iko na mlio wake. Kipyegon ni ndefu mbili, fupi moja. Mzee Joram, ndefu tatu. Duka la Wahu, fupi mbili. Banda la majani, fupi moja, ndefu moja. Wao kwa wao hawahitaji bodi. Hawanihitaji mimi. Mtu anazungusha tu mlio wa jirani yake."

"Kwa hiyo ni mmoja wa wanne."

"Watatu. Ama Kipyegon alijipigia?"

Atuti aliandika. Hakumwamini. Hakuna mtu aliyekuwa anamwamini asubuhi ile, hata dereva wake.

"Na kama ni wewe?"

"Miaka kumi na tisa, afande, sijakosea mlio wa mtu hata mara moja. Uliza mtu yeyote. Na kama ningetaka kuua kwa simu, ningeanza na ya OCS."

Atuti alifunga daftari haraka asije akacheka.

Duka la Wahu lilikuwa ng'ambo ya barabara, na harufu ya mandazi ilimwita kabla hajaamua kwenda. Wahu mwenyewe, mama mfupi mwenye leso mbili kiunoni, alikuwa nyuma ya kaunta akigeuza mandazi kwenye mafuta. Kando ya mizani yake ilikaa simu mpya, nyeupe, ya vitufe.

"Bwakire," sauti ikasema nyuma ya Atuti.

Aligeuka. Hakutegemea kusalimiwa Kikisii katikati ya majani ya Wakipsigis. Aliyekuwa amekaa kwenye benchi ni mtu wa miaka thelathini na tano hivi, koti safi la mvua, kalamu mbili mfukoni.

"Ondieki," alijitambulisha. "Karani wa banda la majani. Nimesikia Inspekta anaitwa Atuti, nikasema huyu ni wa nyumbani. Kaa, ndugu yangu. Wahu, chai mbili!"

Waliongea Kikisii, na kusema kweli Atuti alijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza siku ile kuna mtu aliyemkaribisha chai. Ondieki alisubiri inspekta amalize andazi la kwanza ndipo akasogea.

"Nilitaka kunyamaza," alisema. "Lakini huyu mama Edinah anadanganya. Jumanne saa nne na ishirini nilikuwa hapa hapa, benchi hii. Simu ya Wahu ikalia. Kwanza ndefu tatu, ikakatika. Halafu ndefu mbili, fupi moja. Nikajiambia, leo Edinah amechanganyikiwa, ni siku yake ya mwisho kwa bodi. Anaanza kwa Joram, anamalizia kwa Kipyegon."

Atuti aliacha kutafuna. "Una hakika? Ndefu tatu kwanza?"

"Kabisa. Niko tayari kuandika."

Wakaandika. Ondieki alitia sahihi yenye mikia. Atuti aliitazama ile karatasi, na damu ikaanza kumpanda. Miaka kumi na tisa sijakosea mlio wa mtu! Kumbe alikuwa ameketi kule seli anaimbiwa wimbo.

"Mama," alimwita Wahu kwa Kiswahili, "huyu alikuwa hapa Jumanne asubuhi?"

"Alikuwa. Alikula mandazi matatu."

"Saa ngapi?"

"Mimi naangalia mandazi, siangalii saa." Wahu alifuta mikono. "Lakini huyu karani siku hizi amekuwa msafi! Jana tumepeleka majani, tukakuta sakafu ya banda imeoshwa ikang'aa. Tangu lini?"

Ondieki alicheka sana. "Wakubwa walikuwa wanakuja, mama. Mlitaka waone matope yenu?"

Ile simu nyeupe ikalia, trii trii, trii trii, na Wahu akaruka.

"Ngai! Hii kitu itaniua. Zamani nilikuwa najua ni ya nani kabla sijaacha kazi yangu. Sasa inalia tu kama kifaranga."

Atuti alimalizia chai akatoka. Alikuwa amekwenda hatua thelathini alipomwona Weldon, fundi wa simu, juu ya nguzo, mkanda kiunoni, mvua ikimdondokea shingoni.

"Shuka!"

"Nikimaliza, afande."

"Shuka sasa hivi!"

Weldon alishuka polepole, akasimama akipangusa koleo kwenye suruali. Alikuwa mtu wa Kiptere, mpole, mwenye masharubu membamba. Atuti alimuuliza kuhusu bodi, na Weldon akatazama huku na huku.

"Hiyo ya kitufe usiandike, afande. Mkubwa wangu atanimaliza."

"Naandika nitakalo. Bodi ilikufa saa ngapi?"

"Podi ilikufa saa mbili. Mimi mwenyewe nilikata."

"Kwa hiyo saa nne na ishirini Edinah asingeweza kumpigia mtu?"

"Na nini? Podi ilikuwa mbao tu. Lakini huku juu sikukata kitu. Waya ya laini saba ni ile ile. Kipyegon na wenzake waliandika barua, wanataka simu za mkono zikae mpaka mvua ipite, kama hii mpya itakuwa na maneno. Kwa hivyo nilikuwa nabadilisha wanaotaka tu, nyumba kwa nyumba."

"Ulianza wapi?"

"Kwa Wahu. Yeye alitaka mpya haraka haraka. Saa tatu kamili nilikuwa nimemaliza. Mashine yake ya zamani hii hapa kwa gari."

Atuti alisimama kwenye dimbwi la maji bila kujua.

"Saa tatu ya Jumanne?"

"Saa tatu ya Jumanne. Iko kwa fomu, amesaini."

Atuti alifungua daftari, akasoma tena ile karatasi yenye sahihi ya mikia. Saa nne na ishirini. Simu ya Wahu ikalia. Ndefu tatu, halafu ndefu mbili, fupi moja. Saa nne na ishirini simu ya Wahu ilikuwa ile ya kifaranga, na kifaranga hana ndefu wala fupi.

"Hizo zingine?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Kwa Kipyegon nilipangiwa saa tano, nikachelewa. Nikakuta watu wanalia. Mzee Joram alinifukuza na fimbo. Panda nilikuta kufuli, Jumanne si siku ya majani. Sijarudi huko."

Sasa mambo yalikuwa mawili. Ama Ondieki alitunga hadithi yote ili ajipendekeze kwa mtu wa nyumbani, na watu wa hivyo wako wengi. Ama mlio ulikosewa kweli, na yeye aliusikia akiwa kwenye simu ya zamani mahali pengine. Lilihitajika sikio la pili. Lililobaki juu ya mlima lilikuwa la mtu ambaye OCS alitaka kumfunga jioni.

Mzee Joram alimpokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. Alikuwa Mkikuyu wa miaka sabini hivi, aliyenunua shamba lile tangu miaka ya sitini. Nyuma ya bega lake Atuti aliona simu ya mkono ukutani, mbao imepakwa mafuta, mpini wake unang'aa.

"Ndiyo hiyo ulimfukuzia fundi?"

"Niliwaambia watoe mimi kwanza. Hii mvua ikinyesha inaongea. Ile yao ikinyesha inakohoa."

"Jumanne iliongea nini?"

"Sikusikia kitu. Nilikuwa kwa ng'ombe."

"Mzee, boma lako liko hatua kumi na tano kutoka hapa. Nimehesabu."

Joram aligeuka akatazama boma.

"OCS anakuja kukuchukua jioni. Marehemu alisema anapanda, na huku juu ni kwako peke yake. Ukiniambia mimi sasa, ni maelezo. Ukimwambia yeye kesho, ni kesi."

Mzee alikaa kwenye kizingiti.

"Inspekta, zile vita za makabila za tisini na mbili nililala kanisani wiki tatu, mimi na mke wangu na wajukuu. Unajua nani alikuja kututoa? Kipyegon. Alitembea na sisi mpaka hapa, mbele ya kila mtu, akaketi na mimi huu mlango siku nne. Sasa amekufa hapo chini kwa njia yangu, na mimi ni mtu wa kuja. Wewe ungesema ulisikia?"

"Ningeogopa," Atuti alisema. "Sema hata hivyo."

"Ililia ndefu tatu. Yangu. Nikaacha ndoo nikaja. Kabla nifike ikakatika, ikalia ndefu mbili, fupi moja. Yake. Lakini nilikuwa nimefika, nikainua." Alitazama chini kwa aibu. "Kila mtu anainuaga. Hata yeye alikuwa anainua zangu."

"Ulisikia nani?"

"Nilichelewa. Mwingine alikuwa amemaliza. Nilisikia Kipyegon tu: 'Sawa, nakuja panda.' Basi. Nikajua anakuja huku kwangu. Nikaweka chai kwa moto." Macho yake yalijaa, na hakuyapangusa. "Nilimngoja, Inspekta. Chai ikapoa, nikaipasha tena."

"Alisema *napanda* ama *nakuja panda*?"

"Nakuja panda."

Atuti alishuka mlima akiteleza. Ndefu tatu kwanza: mzee ameisikia, Ondieki ameisikia, na katika faili hakuna mahali pameandikwa. Lakini kwa nini Kipyegon apande kwa Joram ambaye hakumwita? Mtu aliyepiga alikuwa amemwita wapi?

Nyumbani kwa marehemu akina mama walikuwa wameketi barazani wamejifunika shuka. Konstebo Adoyo alikuwa amewekwa pale kulinda, na alikuwa akimenya viazi na wanawake. Alisimama haraka na kisu mkononi.

"Chamgei, mama," Atuti alimsalimu Joan. "Pole sana. Nina maswali mawili tu. Siku ile simu ililia namna gani?"

"Ilianza na ya Joram," Joan alisema. Alikuwa mwanamke mkubwa, mtulivu, sauti imekauka. "Ndefu tatu. Halafu ikaacha, ikalia yetu. Nikasema, nani huyu hajui kuzungusha? Etina wa posta hawezi kukosea hivyo."

"Hukuandikisha hiyo."

"Nani aliniuliza?"

Adoyo alitazama viazi.

"Na mzee alijibu nini kwa simu?"

"Alisema anakuja panda."

"Kupanda kwa Joram."

Joan alimtazama Atuti, akamtazama Adoyo, akamrudia Atuti, vile mtu anavyotazama watu wazima waliopotea njia ya kwenda chooni.

"Kupanda nini, pwana? Panda! Panda ya majani! Ile tunapeleka majani kila wiki! Kwani nyinyi polisi hamjui panda?"

Kisu cha Adoyo kilianguka kwenye sufuria.

"Afande," alisema, "mimi nilisikia *anapanda*. Nikaandika vizuri kwa Kiswahili."

Atuti alitaka kumfokea, kisha akajikumbuka mwenyewe. Asubuhi ile ile Weldon, kwa ulimi wake wa Kikipsigis, alikuwa amemwambia podi, naye akaelewa bodi bila hata kukunja uso. Weldon huyo huyo alimwambia panda nilikuta kufuli, akaelewa banda. Ila neno lile lile lilipokaa kwenye faili, kwa mwandiko mzuri, lilimpandisha mlima mzima. Na polisi wote wa Kaplelmet pamoja naye.

"Mama, alikuwa anaenda kufanya nini huko banda, na si siku ya majani?"

"Kuna laini ya zamani inaenda kwa ile bangaloo ya mzungu, imefungwa. Waya yake ilikuwa inapotea, nguzo kwa nguzo. Mzee alijua nani. Alisema saa sita, mkiponyeza kitufe chenu, atasimama mbele ya mgeni aseme. Mtu alimwita waongee kwanza."

"Alisema jina?"

"Hapana. Alisema tu, huyo mtu ako na kalamu mbili na bado anaiba."

Atuti aliangalia saa. Saba na dakika tano. Alimwonyesha Adoyo simu ya mkono ukutani.

"Kaa hapo. Ikilia ndefu mbili, fupi moja, inua. Usimenye kitu."

Ondieki alifungua kufuli la banda kwa tabasamu. Lilikuwa jengo la mabati na nguzo, mizani ya kuning'inia katikati, magunia yamepangwa kona, sakafu ya saruji safi kweli. Kwenye nguzo ya kati ilikuwa simu ya mkono, na chini yake karatasi chafu yenye milio minne.

"Inspekta wa nyumbani! Umemaliza na yule mama?"

"Karibu. Niazime simu."

"Hiyo? Hiyo imekufa, ndugu. Walizima zote Jumanne saa sita."

Atuti alishika mpini, akazungusha. Ndefu. Ndefu. Fupi. Mkono wake haukuwa umezoea. Ilimbidi afikirie kila mzunguko. Akaweka kipokeo sikioni, akakigeuza kidogo ili na mwingine asikie.

"Halo, afande?" ikasema sauti ya Adoyo, safi kabisa. "Nimeinua."

"Kaa hapo hapo."

Alikata. Ondieki alikuwa bado anatabasamu, lakini macho yalikuwa yameshaondoka.

"Bodi ilikufa saa mbili, Ondieki. Si saa sita. Ile ya kitufe ilikuwa maonyesho. Edinah hakuunganisha kitu, hata kama angetaka."

"Mimi nilisema nilivyosikia."

"Kwenye simu ya Wahu. Simu ya mkono ya Wahu ilitolewa saa tatu. Leo tumekaa na ile mpya mbele yetu, ikalia, ukaisikia inavyolia." Atuti alifungua daftari akaliweka juu ya meza ya mizani. "Kila mtu hapa anajua mlio wa Kipyegon, hiyo ungeweza kutunga. Lakini ndefu tatu za kwanza hukutunga. Ziko kweli. Joram amezisikia, Joan amezisikia. Simu zilizobaki zilikuwa tatu. Wewe hukuwa kwa Joram, wala kwa Joan. Uliisikia wapi, karani?"

Ondieki alihamia Kikisii, haraka, chini chini. Ndugu yangu. Sisi ni wawili tu hapa. Unajua hawa watu walivyo. Unajua mama yangu ni wa wapi?

"Sogea kwa magunia," Atuti alimjibu kwa Kiswahili.

Hakusogea. Atuti aliyavuta mwenyewe kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kiunoni penye bastola. Chini ya gunia la tatu zilikuwa roli za waya wa shaba, nyekundu, zimefungwa kwa kamba ya katani. Hakuwa amepata nafasi ya kuzihamisha, polisi wamejaa barabarani tangu Jumanne.

Ondieki alikaa kwenye jukwaa la kupimia, na kulabu ya mizani ikayumba juu ya kichwa chake.

"Nilimwomba," alisema. "Nilimwambia nitarudisha, asiseme mbele ya wakubwa. Akasema atasema. Akageuka aende zake."

"Ukampiga na nini?"

Alitazama jiwe la mizani la kilo ishirini pale chini. Nalo lilikuwa limeoshwa. Kwa wilbaro ile ya kubebea magunia alimpeleka hatua mia mbili, akamwacha penye njia ya Joram, kwa sababu watu wangeamini.

"Na Edinah? Alikukosea nini?"

Ondieki aliinua uso, na kwa kweli alionekana kushangaa kuulizwa.

"Edinah mlimshika nyinyi, Inspekta. Mimi nilisaidia tu."

Atuti alimfunga pingu kwa nguvu kuliko sheria inavyotaka.

Saa nane kasoro dakika saba Landrova ya kituo ilikuwa inanguruma uani, na Edinah alikuwa ameshapandishwa nyuma, pingu mkononi, gauni la sherehe limekunjamana. Atuti alimpitisha Ondieki mbele yake, akaingia ofisini, akatupa daftari mbele ya OCS na kusimama pale hadi alipolisoma lote. OCS alisoma mara mbili. Alipofika kwenye *panda* alipangusa jasho.

"Mfungulieni," alisema mwishowe, bila kumtazama mtu.

Edinah aliingizwa ofisini kutia sahihi ya kuachiliwa. Alishika kalamu, kisha akamgeukia Atuti.

"Nani alizungusha?"

"Karani wa majani. Alikosea kwanza. Alianza na ndefu tatu."

"Na mkasema ni mimi." Machozi ambayo hakuyatoa siku mbili yalimtoka sasa, mengi, na aliyaacha yatoke. "Ndefu tatu! Na mji mzima ukaamini ni mimi."

OCS alikuwa hasikii. Jina la Edinah lilikuwa tayari kortini Kericho, hakimu anangoja, na ilibidi liondolewe kabla ya kuitwa. Alivuta ile simu mpya ya vitufe, akainua, na kwa mazoea ya miaka yote akasema, "Nipe korti ya Kericho." Simu ikamjibu kwa mlio mmoja mrefu usiokwisha. Akaitazama. Akafungua droo, akatafuta kijitabu cha nambari mpya, ambacho kilikuwa hakijaletwa. Halafu akamwinulia Edinah macho, na sauti yake nyembamba ikawa ya upole kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Madam, hebu tusaidie. Korti ni ngapi?"

Edinah alimaliza sahihi yake, akaweka kalamu chini, akavuta sweta ya buluu mabegani.

"Mimi sikuunganisha simu, afande," alisema. "Iko kwa faili yako."

Akatoka akaenda zake kwenye mvua.